Muthoni Gani?

Ukiita "Muthoni!" ndani ya matatu ya 145 ikiingia Ruiru, watu wanne watageuka, na mmoja wao ni mimi. Kwa Wagikuyu jina huwa halibuniwi, linarudishwa. Binti wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama, na kwa hivyo kila Muthoni ana Muthoni mwingine nyuma yake. Nyumbani ni tamu. Kwenye historia ni balaa.

Mwaka jana mteja wa mtandaoni aliniagiza makala kuhusu "Muthoni, mpiganaji wa Mau Mau aliyewavulia polisi nguo." Nikamwandikia kwamba hapo ameunganisha watu wawili. Akanijibu kwamba msomaji hajali, shujaa ni shujaa. Kazi akapewa mwingine, na manze, nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya rent. Nimekaa na hilo jibu tangu wakati huo.

Mary Muthoni Nyanjiru hakuwahi kuwa Mau Mau. Yake ilikuwa tarehe 16 Machi 1922, Nairobi, siku mbili baada ya Harry Thuku kukamatwa. Umati ulikuwa umejaa nje ya kituo cha polisi. Wajumbe wanaume wakarudi kutoka kwa serikali wakisema watu waende nyumbani. Nyanjiru akainua rinda lake hadi mabegani, akawaambia hao wanaume walichukue wao, yeye wampe suruali zao. Waliolaaniwa siku hiyo ni wanaume wake mwenyewe, si polisi, na hapo ndipo stori za mtandaoni hupotea njia. Watu wakasonga mbele, risasi zikapigwa, naye akawa kati ya waliokufa. Tunalijua tukio hili kwa sababu Job Muchuchu, aliyekuwapo, alilisimulia, na simulizi yake ikaingia kwenye kitabu cha Rosberg na Nottingham cha 1966. Miaka 44 jina la mwanamke huyu lilitegemea kumbukumbu za watu tu.

Muthoni wa Kirima ndiye wa msituni, mwanamke aliyefika cheo cha field marshal. Kimathi alimwita Thonjo, yaani ndege mfumaji. Alitoka msituni 1963, akabaki na rasta zake hadi 2022 zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, akafariki Septemba 2023. Yeye angalau tulimwona kwenye TV akiongea kwa sauti yake.

Lakini muulize msee yeyote aliyepitia sekondari hapa kwetu Muthoni anayemjua. Atakutajia ambaye hajawahi kuishi: yule wa The River Between, riwaya ya Ngũgĩ ya 1965. Bintiye mhubiri Joshua anatoroka Makuyu kwenda kutahiriwa Kameno, kidonda kinaharibika, anafia hospitali ya misheni. (Usiitafute hiyo Makuyu ukipita Thika kwenda Murang'a. Hata milima ina majirani wa jina.)

Nilipoisoma tena baada ya kuacha chuo, bila mtihani kichwani, niliona kitu ambacho hakuna mwalimu aliwahi kutuambia. Dada yake anaitwa Nyambura. Nyambura ni mmoja wa mabinti wa Mũmbi, jina la ukoo, la ndani kabisa. Muthoni hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa Kigikuyu mũthoni ni mkwe, mtu ambaye kwa ajili yake nyumba mbili zinalazimika kusalimiana. Ngũgĩ alimpa jina hilo msichana anayetaka kuwa Mkristo na mwanamke wa kabila kwa pamoja. Sijui riwaya nyingine ya hapa ambapo jina linabeba kazi nzito hivyo bila mwandishi kulitafsiri.

Kisha anamuua mapema. Hapo ndipo mimi na marehemu tunakosana. Baada ya kaburi, Joshua, Kabonyi na Livingstone kila mmoja anakigeuza kifo chake kuwa hoja yake. Waiyaki naye anabaki akikiwaza. Muthoni amekuwa mada. Nyanjiru aliwanyamazisha wanaume kwa rinda. Muthoni wa riwaya ananyamazishwa ili wanaume wapate la kubishania. Najua utasema hiyo ndiyo tragedia yenyewe. Sawa, lakini Waiyaki amepewa kurasa ngapi za kufikiri, na yeye ngapi?

Aliyejibu hilo ni Muthoni mwingine. Muthoni Likimani ni binti wa kasisi kama yule wa riwaya, ila huyu alikua, akaandika. Kitabu chake cha 1985, Passbook Number F.47927, kinasimulia wanawake wakati wa Hali ya Hatari: wa vijijini, wa Nairobi, waliochimba mitaro. Lugha yake haina ustadi wa Ngũgĩ, na sehemu nyingine inasomeka kama ripoti. Ila wanawake wake wanachoka, wanadanganya askari, wanacheka. Halafu kile kichwa: serikali ilikuwa na suluhisho lake la Muthoni wengi, nalo lilikuwa namba.

Thika kuna barabara ya General Kago, aliyeuawa 1954. Cheo na jina vimesimama hapo, huwezi kumchanganya na Kago wa jirani. Nimewauliza wauza vitabu vya mitumba wa huko kuhusu Likimani. Wa tatu aliniuliza, "Huyo ni yule wa River Between?" kisha akanitolea nakala nne.