Marais na Mwalimu

Ukisoma habari za United World Colleges, ndugu msomaji, kwanza utakutana na marais: Lord Mountbatten, kisha Charles alipokuwa bado mwana wa malkia, na mwaka 1995 Malkia Noor wa Jordan. Sina ugomvi na majina makubwa. Hufungua mifuko ya matajiri.

Mwanzilishi, Kurt Hahn, Mjerumani aliyefungwa na Wanazi mwaka 1933, aliamini kuwa vijana wa mataifa mbalimbali wakiishi pamoja chuki itapungua. Atlantic College ikafunguliwa Wales mwaka 1962, kwa wavulana tu! Wasichana walingoja hadi 1967. Undugu gani wa dunia huo, nusu ya dunia ikiwa nje ya lango?

Mimi humheshimu zaidi Michael Stern, mwalimu. Mwaka 1963, Afrika Kusini ikiwatenga watoto kwa rangi, yeye alivuka mpaka akafungua Waterford huko Swaziland (Eswatini ya leo), akiwa na wanafunzi 16. Weusi kwa weupe walikula meza moja na kulala bweni moja. Mabinti wa Mandela walisoma hapo, baba yao akiwa gerezani. Hayo yote yalifanyika kabla shule haijaingia katika umoja huo mwaka 1981.

Tangu 2019 umoja huo una shule kwetu pia, Moshi na Arusha. Viongozi wake husema elimu huunganisha watu. Basi nawauliza: mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kibosho, anayeliona lango hilo akienda sokoni, ataingia kwa njia gani?