Tadbiri ya Nyumba kwa Karatasi

Majedwali ya kupangia kazi za nyumba, ambayo mtu huyapakua kutoka intaneti, akayachapisha katika duka la steshenari la mtaani kwake na kuyabandika kwa sumaku kwenye mlango wa jokofu, yana sura nzuri na umri mfupi. Wiki ya kwanza visanduku vyake hujazwa alama za vema kwa bidii na furaha. Wiki ya pili alama hupungua. Na aghalabu kabla ya mwezi mwingine kuandama karatasi huwa imekwisha kuwa sehemu ya ukuta, ipitwayo asubuhi na jioni bila ya kusomwa na yeyote. Wengi hunasibisha kifo hicho na uvivu wa wenye nyumba. Naiona hukumu hiyo kuwa si ya haki, kwa kuwa nyumba zile zile ambamo karatasi imefia ndizo zipikazo futari ya watu 20 bila ya kusahau chumvi. Na kosa, ikichunguzwa karatasi yenyewe kama fundi achunguzavyo saa iliyosimama, huwa limo katika muundo wake: imeandikwa mambo ambayo hakuna ayasahauye, imenyamaza juu ya yale yasahaulikayo, na haikumwambia mtu yeyote ni wakati gani asimame aisome.

Orodha ya ukaguzi iliyoenea katika kazi za leo ilipata umbo lake katika kiwanja cha ndege, wala si jikoni. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika kiwanja cha Wright Field karibu na Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, ndege ya majaribio ya kampuni ya Boeing iliyoitwa Model 299, yenye injini nne, iliruka, ikapanda wima kupita kiasi, ikaishiwa na nguvu ya kuelea, ikaanguka na kuungua. Rubani wake, Meja Ployer Hill, aliyefariki katika ajali ile, hakuwa mwanagenzi. Na uchunguzi ulipofanywa ilidhihirika kwamba hapakuwa na chuma kilichovunjika wala injini iliyozimika, ila kizuizi kifungacho usukani wa mkiani, ili usipigwe na upepo ndege iwapo chini, hakikufunguliwa kabla ya kuruka. Dawa iliyotafutwa baada ya hapo haikuwa kuwarefushia marubani masomo, bali kuwapa karatasi fupi ya kusomwa kwa nyakati maalumu, kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Na ndege ya ukoo ule ule, kwa jina la B-17, ikaja kuundwa kwa idadi ipitayo 12,000.

Zaidi ya miaka 70 baadaye Shirika la Afya Duniani liliipeleka tadbiri hiyo katika vyumba vya upasuaji, na hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ikawa miongoni mwa hospitali 8 za miji 8 ya dunia ambamo orodha ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008. Katika hospitali hizo kwa jumla vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Msomaji ataraji pengine kwamba karatasi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ndefu kama sheria za serikali, walakini ilikuwa na mambo 19 tu, tena yamegawanywa katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa kwa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijapasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani. Haimfundishi daktari namna ya kushika kisu. Humwuliza kama jina la mgonjwa ndilo, kama upande wa mwili ndio, kama vitambaa vilivyoingia vimehesabiwa na vimetoka vyote.

Sasa itazame karatasi ya jokofuni. Juu kabisa imeandikwa: pika, fagia, osha vyombo, tandika vitanda. Ni nani katika dunia hii aliyewahi kusahau kupika, na njaa haikumkumbusha? Mistari ya namna hiyo huifanya karatasi ijae na ionekane ya maana, lakini humzoesha msomaji kutia alama bila ya kufikiri, na jicho lililokwisha kuzoea hivyo hupita vivyo hivyo juu ya mstari wa kukagua tarehe ya mwisho ya dawa za homa, ambao ndio uliostahili karatasi. Na kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba haina kituo. Nyumba ina vituo vyake vya asili, navyo si vingi: kufunga milango usiku, kutoka kwenda sokoni, kupokea mshahara, kufunga safari. Orodha iliyoning'inizwa hapo penye kituo, ya usiku nyuma ya mlango wa mbele na ya sokoni ndani ya kikapu, husomwa kwa sababu mkono umekwisha kufika pale; lakini orodha moja ya mambo yote, iliyowekwa mahali pamoja kwa ajili ya nyakati zote, haina wakati wake.

Wazo la kuipanga nyumba kwa maandishi lina wenyewe, na si la jana. Christine Frederick, mwandishi wa Marekani, alianza mwaka 1912 kuandika katika jarida la Ladies' Home Journal makala ambazo mwaka uliofuata zilitoka kitabu kwa jina la The New Housekeeping, na ndani yake alizichukua mbinu za wapima kazi wa viwandani, akapima kimo cha beseni la kuoshea, akahesabu hatua baina ya meko na kabati, akapanga ratiba ya juma zima. Katika habari za kimo na hatua alisema kweli, na mapishi yetu ya kuinama chini yangefaidika sana naye. Katika ratiba sikubaliani naye, maana kiwandani hakuna mtu aachaye mashine yake kwa sababu nje imepigwa hodi, na nyumba ambayo mgeni hana haki ya kuivuruga ratiba yake si nyumba ambamo mtu wa pwani angetamani kulala.

Waliolikaribia jambo vizuri zaidi, kwa mtazamo wangu, ni ndugu wawili wanawake wa jimbo la Washington, Pam Young na Peggy Jones, ambao mwaka 1977, wakikiri wazi kwamba nyumba zao zimewashinda, waliacha jedwali wakashika kadi. Kila kazi iliandikwa juu ya kadi yake ya inchi 3 kwa 5, pamoja na mzunguko wake, yaani kama ni ya kila siku, ya kila juma au ya kila mwezi, na dakika inazotaka. Kadi zikapangwa kisandukuni nyuma ya vigawanyo vya tarehe. Na kazi ikiisha, kadi hutolewa mbele ikapelekwa nyuma, kwenye tarehe ya zamu yake ijayo. Hilo laonekana kuwa dogo, lakini tafauti yake na jedwali ni kubwa. Jedwali huhifadhi kushindwa: kisanduku cha Jumanne kilichobaki kitupu kitaendelea kuwa kitupu hadi mwisho wa mwezi, kikimkodolea macho mwenyewe, na vikifika saba au vinane mtu huionea haya karatasi akaigeuza uso. Kadi haijui jana. Kazi isiyofanywa leo husogezwa kesho, au huamuliwa kwa insafu kwamba juma hili haina haja, na kisanduku hubaki safi. Apendaye anaweza kuupata mfumo huu kwa karatasi ile ile ya steshenari, kwa sababu karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa vipande 8 vya milimita 74 kwa 105, ambavyo ni vidogo kidogo kuliko kadi za ndugu wale, na vyatosha.

Ama kuhusu lugha ya mistari, nitatoa mfano wa nyumba moja ya Tanga niijuayo, ambamo karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari usemao "Gesi" basi. Mwenye nyumba, mama wa watu wazima na wadogo, hakuuhitaji, kwa kuwa alikuwa akiijua gesi yake kwa kuhesabu siku na kwa kuutazama moto. Waliouhitaji ni wengine, nao haukuwaambia kitu. Alipokwenda Pangani msibani, mtungi ulikwisha usiku wa pili, sufuria ya wali ikiwa bado haijakauka. Mstari ulioandikwa baadaye ni huu: "Jumamosi, kabla ya sokoni: pima mtungi. Ukibaki chini ya kilo 3, mwambie Baba." Mtungi wa chuma huwa umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu, kwenye shingo yake, uzito huo ukanakiliwa kwa wino pembeni mwa mstari, mizani ikawekwa karibu, na tangu hapo kazi hiyo ikawa ya kijana wa darasa la tano, ambaye hujumlisha na kutoa vizuri kuliko wote. Mstari wa LUKU ya umeme ukafuata kanuni hiyo hiyo: uniti zikishuka chini ya hesabu fulani, fulani aambiwe. Wakati, kitendo, kipimo, na mtu wa kuambiwa: mstari uliokosa kimojawapo katika hivi vinne bado umebaki kichwani mwa mama, hata kama umechapwa kwa rangi tatu. Sioni faida nyingine ya karatasi iliyo kubwa kuliko hii ya kuyahamisha maarifa kutoka kichwa kimoja na kuyafanya mali ya nyumba nzima, pamoja na dada wa kazi, ambaye aghalabu hulaumiwa kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia.

Tena kuna mushkili wa kalenda, ambao watengenezaji wa majedwali haya, wengi wao wakiwa mbali nasi, hawakuwa na sababu ya kuufikiria. Sitasema mengi juu ya karatasi za Marekani, zenye milimita 216 kwa 279, ambazo zikichapwa juu ya A4 hukatwa ubavuni. Fundi wa steshenari hulimaliza hilo kwa kubonyeza mahali pamoja. Saa ndizo taabu. Jedwali limeandikwa 7:00 kwa ajili ya dawa ya shinikizo la damu ya bibi, na bibi, ambaye kwake hiyo ni saa moja asubuhi, akiiona saba ataingoja saa saba mchana. Kwa hiyo safu ya saa yafaa ifutwe yote, iandikwe upya kwa saa za nyumbani, au kwa swala, kwa wale ambao siku yao imegawanywa kwa adhana. Na usiku nao una mambo yake. Mzee aliyelelewa kuhesabu siku kuanzia magharibi, akisema usiku wa Ijumaa, huukusudia ule utanguliao Ijumaa, na mjukuu wake aliyesoma kalenda ya ofisini huukusudia ule uifuatao. Andika basi "Ijumaa usiku: roweka mchele wa vitumbua", uone kama vitumbua vitapatikana asubuhi ile uliyoitaka. Njia ya salama ni kuandika "Alhamisi baada ya isha".

Mwaka wenyewe ndio mgumu zaidi, maana nyumba ya pwani haiendi kwa mwaka mmoja. Mshahara na ada za shule hufuata miezi ya Kizungu. Mfungo na sikukuu hufuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake wa siku 354 au 355 huirudisha Ramadhani nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Na paa, mifereji na kuni hufuata masika na vuli. Wazee wetu walikuwa na hesabu nyingine tena, ya Nairuzi, ambayo huugawa mwaka wa siku 365 katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, nao wakulima na mabaharia wakaitumia kujua wakati wa kupanda na wakati wa kutweka. Jedwali lililochapwa tarehe haliwezi kuzichukua hesabu hizi zote, na lisijaribu. Orodha ya mfungo ifungwe kwenye tukio, wala isifungwe kwenye tarehe: nusu ya Shaabani, nunua tende na unga, siku 5 kabla ya mfungo, safisha jokofu. Hapa pana jambo la kifundi ambalo huwapita wengi, nalo ni kwamba orodha ya mkesha wa Idi haiwezi kusomwa siku ya mkesha, kwa sababu mwezi ukiandama jioni ya 29 mkesha wenyewe umekwisha kuingia. Orodha hiyo kituo chake ni tarehe 28 ya Ramadhani, fundi wa nguo akiwa bado anapokea simu.

Juu ya vifaa, kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi yashinda kila kalamu ya rangi, kwani isiyofungwa huondoka na mwanafunzi wa kwanza apitaye. Kuifunika karatasi kwa plastiki, ili iandikwe na kufutwa, kunafaa kwa orodha iliyokwisha kukaa sawa. Ukiifunika mapema utaona uchungu kuisahihisha. Wapo wasemao kwamba simu imeyamaliza haya yote, na kwa miadi ya mtu mmoja ni kweli. Lakini ukumbusho wa simu humlilia mwenye simu peke yake, hata akiwa kazini, na hali mtungi uko nyumbani.

Kazi ya mwisho ni kupunguza. Chini ya kila orodha iandikwe tarehe iliyochapwa, na kila baada ya miezi mitatu walioitumia wakae dakika chache, wauulize kila mstari kama uliwahi kumzuia mtu asisahau. Usioweza kujibiwa hukatwa. Katika nyumba ile ya Tanga orodha ya usiku ilianza na mistari 22. Iliyobaki leo ni 6, na mmojawapo, wa kufunga koki ya tangi, uliongezwa na dada wa kazi.