Shellac: Kelele Isiyoficha Kitu

Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya mitambo ya sauti, ngoma nimezipanga nyuma. Iwe harusi, iwe tamasha la uwanjani, mpigaji ngoma hukaa mgongoni mwa wenzake, amefunikwa na matoazi, na mbele wanasimama waimbaji na wenye magitaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini, mpaka nilipoona video za Shellac. Bendi hii ya watu watatu, iliyoanza Chicago mwaka 1992, ilizileta ngoma mbele kabisa, katikati ya jukwaa. Todd Trainer alikaa hapo na ngoma zake chache. Steve Albini alisimama na gitaa upande mmoja, Bob Weston na besi upande wa pili, wote watatu karibu kwenye mstari mmoja.

Fundi wa sauti akiuona mpango huo anaelewa mara moja kazi yake. Aliyesimama safu ya kwanza anaisikia ngozi ya ngoma yenyewe kabla ya kuisikia spika. Anaiona fimbo ikipanda, anajua pigo linakuja, kisha linamfika kifuani. Nao wapigaji wanaonana, kwa hiyo wanaweza kuukata muziki ghafla kwa pamoja, wakanyamaza kwa muda wautakao, halafu wakarudi kwa pigo moja kama mlango uliobamizwa. Ukimya wa aina hiyo ndio uti wa mgongo wa nyimbo zao, na haupatikani kama mpigaji ngoma anaangalia migongo ya wenzake.

Muziki wao unakwaruza, hilo halina ubishi. Gitaa linalia kama bati mkononi mwa fundi anayelikata kwa mkasi. Besi inaguruma na kuchubua. Albini hakuwa mwimbaji wa sauti tamu. Alisema, alifoka, mara nyingine alinong'ona. Si muziki wa kufungulia mgeni sebuleni. Hata hivyo walipendwa kwa zaidi ya miaka 30, na wengi wa waliowapenda walizeeka nao. Kuna dhana kwamba shabiki wa muziki kama huu anapenda kuumizwa masikio. Mimi siikubali. Ninavyousikia, ukali wa Shellac ulikaa kwenye sauti peke yake, na hata huko kwenye sauti hawakumficha msikilizaji kitu. Upendo ulianzia hapo, na unaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, kama tunavyofuatilia waya kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye spika.

Tuanze na gitaa. Albini alipiga Travis Bean, gitaa la Kimarekani ambalo shingo yake ni ya aluminiamu. Mbao humeza sehemu ya mtetemo wa uzi. Chuma hicho hakimezi sana, kwa hiyo sauti inabaki na makali yake yote ya juu na inadumu. Juu ya hayo alipiga nyuzi kwa kipande cha chuma badala ya plastiki. Tangu enzi za bendi yake ya zamani, Big Black, alikuwa akikikata pengo kwenye ncha ili kila pigo liuguse uzi mara mbili. Ndiyo maana gitaa lake lina ule mlio wa kuparura, hata kwenye noti moja. Mkanda wa gitaa hakuupitisha begani kama wengine. Aliufunga kiunoni, gitaa likamkaa nyongani kama kifaa cha kazi.

Sauti hiyo angeweza kuitumia kujaza kila nafasi. Bendi nyingi za kelele ndivyo zinavyofanya: gitaa juu ya gitaa, mwangwi juu ya mwangwi, mpaka msikilizaji anazama kwenye ukungu asijue nani anapiga nini. Shellac walikwenda njia nyingine. Gitaa ni moja, na muda mwingi halipo. Besi ya Weston ndiyo inayoubeba wimbo, ngoma zinaukata vipande, gitaa linaingia, linakwangua, linatoka. Ukitaka kumsikiliza mmoja tu kati ya watatu hao kutoka mwanzo hadi mwisho, unaweza. Jaribu kufanya hivyo kwenye rekodi nyingi za roki nzito utaona ugumu wake.

Wimbo ulionifungua masikio ni ule unaoanza albamu yao ya pili, Terraform, ya mwaka 1998. Unaitwa Didn't We Deserve a Look at You the Way You Really Are, na unakwenda zaidi ya dakika 12. Besi inapiga noti chache, zinazunguka, zinarudi palepale. Ngoma zinatembea nazo. Dakika zinapita, besi haijabadilika. Mara ya kwanza niliusimamisha katikati, nikidhani rekodi imekwama. Nikaurudisha nyuma, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza tena kwa makini. Haikuwa imekwama. Kila mzunguko ulipigwa na mkono wa mtu: kidole kinagusa uzi kwa uzito tofauti kidogo, toazi linaachiwa lilie kwa muda mrefu zaidi safari hii, pigo moja la ngoma linachelewa kwa unywele. Gitaa likiingia, hata kwa mkwaruzo mfupi, linakuwa tukio. Walimwamini msikilizaji kwamba atakaa dakika 12 na noti chache, na mtu akiaminiwa hivyo anakaa.

Kusikia unywele huo kunategemea namna ya kurekodi, na hapa Albini alikuwa na msimamo wake. Alirekodi kwenye kanda za sumaku, na kwenye jalada alipenda iandikwe kwamba amerekodi, si kwamba ameizalisha albamu. Maana yake kwake ilikuwa ya kikazi kabisa: bendi ndiyo yenye sauti, fundi kazi yake ni kuinasa bila kuipindisha. Mwaka 1997 alifungua studio yake, Electrical Audio, barabara ya Belmont huko Chicago. Kuta za ndani zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani bila kuchomwa tanuruni. Nilifurahi nilipolijua hilo, kwa sababu kila aliyelala kwenye nyumba ya matofali mabichi anaijua sauti ya chumba chake: haina mlio wa bati, inatulia.

Kwenye chumba kama hicho aliweka maikrofoni karibu na ngoma, kisha nyingine mbali, wakati mwingine sakafuni kabisa. Zile za mbali aliweza kuzichelewesha kwa milisekunde chache. Huo ni muda mfupi mno, hauusikii kama mwangwi, lakini sikio linadanganyika kuwa ukuta uko mbali zaidi. Ngoma inapata mwili bila kupakwa mwangwi wa mashine. Ukifumba macho unaweza kukadiria umesimama wapi. Kwa kazi yangu, hilo ni jambo la heshima kubwa kwa msikilizaji, maana anapewa nafasi yake ndani ya chumba, karibu na wapigaji.

Njia hiyohiyo ndiyo aliyokwenda nayo kwa bendi ya Nirvana walipomwita kurekodi albamu ya In Utero, Februari 1993, kwenye studio ya Pachyderm huko Minnesota. Albamu ile ingeuza mamilioni, na desturi ni kwamba mtu wa nafasi yake hupewa asilimia ya kila nakala. Alikataa. Alichukua malipo ya mara moja, dola 100,000, kwa hoja kwamba fundi hulipwa ujira wa kazi yake kama fundi bomba, na jasho la wanamuziki si lake. Mwaka huohuo aliandika makala kwenye jarida la The Baffler, akipiga hesabu ya bendi ya kubuni yenye watu wanne iliyosaini na kampuni kubwa. Kwenye hesabu ile kampuni inaondoka na dola 710,000, na kila mwanabendi dola 4,031.25. Zile senti 25 za mwisho zimenikaa kichwani. Aliihesabu bendi hiyo mpaka senti, kwa sababu hasira yake ilikuwa na takwimu.

Shellac walijaribu kuishi kinyume cha hesabu ile. Albamu zao zilitoka kwa Touch and Go ya Chicago, lebo iliyojulikana kwa kugawana faida nusu kwa nusu na bendi zake, kwa neno la mdomo na kushikana mikono. Hawakulipia matangazo, hawakugawa nakala za bure kwa waandishi. Albamu ya 1000 Hurts ya mwaka 2000, kwa wanaonunua sahani ya santuri, iliwekwa kwenye boksi lililofanana na boksi la kanda ya studio, na ndani yake ikatiwa CD pia, ili mnunuzi asilipe mara mbili. Weston na Albini walikuwa na kazi zao za kurekodi, hivyo bendi haikulazimika kuwalisha, na kwa kuwa haikuwalisha hakuna aliyeweza kuiharakisha. Kati ya Terraform na albamu yao ya tano, Dude Incredible ya mwaka 2014, ni miaka 16, na katikati yake zilitoka albamu mbili tu. Mashabiki walingoja. Sidhani ilikuwa subira ya kulazimishwa. Walijua kwamba kikitoka, kimetoka kwa sababu kimekamilika.

Kulikuwa na desturi yao moja jukwaani ambayo kila aliyewaona huitaja. Magitaa yanahitaji kuwekwa sawa kati ya wimbo na wimbo, na bendi nyingi hujaza muda huo kwa porojo au kwa sauti iliyorekodiwa. Weston aligeukia maikrofoni akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wakauliza: kuhusu vyombo, chakula, mpira wa besiboli, chochote. Wakajibiwa papo hapo, kwa ufupi, wakati mwingine kwa ukali wenye utani ndani yake. Halafu wimbo unaanza na masikio yanakwanguliwa upya. Tazama kilichofanyika hapo. Dakika ambazo ni za ufundi tu, za kukaza nyuzi, hazikufichwa. Zikafunguliwa kwa waliolipa kiingilio.

Siwezi kusifu hivi nikaruka upande wa pili. Katika ujana wake Albini alitumia ukali kwa namna iliyoumiza watu ambao hawakuwa na kosa. Nyimbo za Big Black ziliingia ndani ya vichwa vya watu waovu na kusema kwa lugha yao. Bendi iliyofuata, ya 1987 hadi 1989, aliipa jina lililofanya mzaha na ubakaji, akilitoa kwenye katuni ya Kijapani. Hakuna ufundi wa sauti unaofuta hilo. Hata ndani ya Shellac upo Prayer to God, ule wimbo wa mtu anayemwomba Mungu awaue mwanamke aliyemwacha na mwanamume wake mpya. Gitaa na ngoma zinamrudia kama nyundo, na msikilizaji anaachwa peke yake na chuki ya yule mtu, bila kuambiwa ashike upande gani. Mimi naona ni wimbo mkubwa. Namwelewa pia anayeuzima.

Lakini mwaka 2021 Albini alijitokeza hadharani kusema kwamba mengi aliyoyasema na kuyafanya zamani yalikuwa mabaya, kwamba yeye na wenzake waliishi katika raha ya kutoguswa na maneno yale, na kwamba kuwajibika ni juu yake. Hakumsukumia mtu lawama. Kwa mashabiki waliokua naye, na ambao wengine walicheka naye enzi zile, hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa aliitumia kanuni ileile ya studio kwenye nafsi yake: acha kisikike kama kilivyo, na kasoro zake.

Alifariki tarehe 7 Mei 2024, akiwa na miaka 61, kwa mshtuko wa moyo. Siku 10 baadaye ikatoka albamu ya sita, To All Trains, ambayo ilikuwa imeshapangiwa tarehe. Nyimbo 10, chini kidogo ya nusu saa. Ilirekodiwa Electrical Audio kwenye mapumziko machache ya mwisho wa wiki yaliyotawanyika kuanzia Novemba 2017 hadi Machi 2022. Ukiisikiliza huwezi kugundua wapi mwaka umekatika. Ngoma zimesimama palepale, chumba ni kilekile. Wimbo wa mwisho unaitwa I Don't Fear Hell. Huko Barcelona, kwenye tamasha la Primavera Sound ambako Shellac walipiga karibu kila mwaka, waandaaji walilipa jukwaa mojawapo jina la Albini.

Ninapotaka kumweleza mwenzangu wa mitambo kuhusu bendi hii simchezei albamu. Namwonyesha video ya mwisho wa onyesho lao mojawapo. Trainer anapiga. Albini na Weston wameshaweka magitaa chini, wanakuja kwenye ngoma, wanaanza kuzifungua huku mwenyewe anaendelea. Toazi linaondoka. Ngoma moja inainuliwa, inapelekwa pembeni. Yeye hasimami, anahamia kwenye iliyobaki. Inachukuliwa nayo. Fimbo zinaendelea kupanda na kushuka, na ukumbi mzima, ambao hausikii tena kitu kutoka jukwaani, unampigia makofi ya kufuata mapigo yake.