Mzigo wa Kurudi Ndio Unaomleta Mteja

Mwenye lori moja la Fuso pale Rugaaga, wilayani Isingiro nchini Uganda, akitaka kujinasua kwa madalali, kwa kawaida huanza na matoke. Ni upande mgumu kuliko yote. Mkulima mmoja wa Isingiro ana mikungu kadhaa, jirani yake pungufu ya hapo, na lori halijai kwa mashamba mawili. Dalali ndiye anayezunguka vijijini kwa pikipiki, anayemlipa mkulima taslimu na anayemjua mpokeaji wa sokoni Kampala. Ukimruka, kazi zote hizo zinakuangukia wewe, na matoke hayakusubiri ujifunze.

Badala yake, tazama lori linaporudi. Tuseme safari ya Kampala, kwenda na kurudi, inakula shilingi 1,000,000 kwa mafuta, dereva na utingo, na dalali anakupa 1,200,000. Umebaki na 200,000. Ukirudi na bidhaa za watu kwa 400,000 zaidi, faida inafika 600,000 kabla ya kuwalipa wapakiaji. Safari ijayo dalali akishusha bei, una uwezo wa kumkatalia, kwa kuwa tumbo la lori halimtegemei yeye peke yake.

Wenye mzigo huo wa kurudi wako kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, yana wakimbizi zaidi ya 150,000, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Zamani chakula chao kiliingia kwa mikataba mikubwa ya mashirika, ambayo mtu wa lori moja hawezi hata kuisogelea. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Uganda fedha badala ya chakula, ununuzi ulihamia dukani, na mwenye duka ndiye anayelipia usafiri wa gunia lake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako nchini, kwa hiyo mfanyabiashara wa Nakivale ni mteja kamili. Nashangaa wenye malori wanavyompita njiani wakienda kubisha hodi kwenye ofisi za Mbarara.

Duka moja nalo halijazi lori. Kinachofanya kazi ni kuwaunganisha wenye maduka watano au sita wanaonunua Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na kuwapa siku maalumu ya wiki isiyobadilika. Siku hiyo ina thamani kuliko punguzo la bei, maana mwenye duka anapanga fedha zake kwa kuifuata. Kila mzigo uwekewe alama ya rangi na stakabadhi yake, na wa duka la mwisho upakiwe kwanza. Nusu ya nauli iingie kwenye simu wakati wa kupakia, nusu kabla ya kushusha. Dereva anayejua Kiswahili pamoja na Kinyankole atamaliza mazungumzo na wenye maduka hao jioni moja.

Uzito usisahaulike. Matoke hujaza nafasi kabla ya kulemea. Sukari, mafuta na unga hulemea kabla ya kujaza. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli ya usukani haizidi tani 8 na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne haizidi tani 10, lori lenyewe likiwa ndani ya hesabu hiyo. Gunia la ziada la kumfurahisha mteja linaweza kuliwa lote na faini ya mizani.

Shule, viwanda na mashirika waje baadaye. Wanataka namba ya mlipakodi, na wengi wao hulipa baada ya wiki kadhaa, ilhali kituo cha mafuta kinataka fedha leo. Tena mlipaji aliyeteuliwa rasmi kukata kodi ya zuio hukata 6% kwa malipo yanayozidi shilingi 1,000,000. Katika ile nauli ya 1,200,000 ni 72,000, zaidi ya theluthi ya faida ya safari isiyo na mzigo wa kurudi. Fedha hiyo huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini wiki hii haiko mfukoni. Mwenye lori aliye na wateja wa maduka sita wanaolipa siku ya kushusha anaweza kuisubiri.