Sifa za Fundi wa Uta

Miongoni mwa mataifa yaliyoongezwa mwaka 2019 katika Age of Empires II, mchezo wa vita wa kompyuta unaohuisha Karne za Kati, wamo Wakumani, sehemu ya wale Wakipchak waliotamalaki nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi tangu karne ya 11 hata walipofikwa na Wamongolia. Na askari wao mahususi, anayechukua jina hilo hilo la Kipchak, ni mpanda farasi apigaye mishale kadhaa kwa mkupuo mmoja. Waliobuni mchezo huo walitenda uadilifu kuiweka fahari ya watu hawa katika shabaha na wepesi wao.

Askari huyo hupatikana ngomeni kwa mbao 60 na dhahabu 35, katika sekunde zisizotimia 30. Hapo ndipo moyo wangu humwelekea mtu asiyeonekana katika kioo, yaani fundi wa uta, ambaye mti ulikuwa sehemu moja tu ya mali zake, na wakati wake haukununulika kwa dhahabu.

Uta wa nyika uliunganishwa kwa mti, pembe, kano na sherisi. Mti ulikuwa kiini chembamba. Upande umwelekeao mpigaji fundi alibandika vipande vya pembe, baada ya kuvikwaruza kwa chombo chenye meno ili mifereji ya huku iingiane na matuta ya kule. Na upande wa mgongo, uelekeao adui, alilaza kano za wanyama alizokuwa amezianika, akazipondaponda hata zikafumuka nyuzi, akazichana kama nywele za mwanamwali, kisha akazichovya katika sherisi iliyochemshwa kwa ngozi au kwa vibofu vya samaki. Hekima yote imo katika mpango huo, kwa sababu uta uvutwapo tumbo lake hubanwa na mgongo wake hunyoshwa, na pembe hustahimili kubanwa, kano nazo kunyoshwa, kupita mti wo wote. Ndiyo sababu uta mfupi, uwezao kuvushwa juu ya shingo ya farasi kutoka kushoto hata kulia, ulivutika mbali bila ya kuvunjika.

Kisha fundi alingoja. Tabaka moja la kano lilipaswa kukauka kabla ya kulazwa la pili, na kano zikikauka hujikunja, zikauvuta uta nyuma hata, usipotiwa upote, ukajipinda kinyume cha mkao wake wa vita. Kazi hiyo ilichukua miezi mingi, na pengine mwaka, na ilipotimia uta ulivishwa ngozi au gome la mti ili unyevu usiilegeze sherisi.

Mchezo wenyewe hausimulii habari za fundi huyo, bali za Khan Kotyan wa Wakumani, ambaye yeye pamoja na Warusi walishindwa na Wamongolia penye mto Kalka mwaka 1223, akapata hifadhi kwa Mfalme Béla IV wa Hungaria, akauawa mjini Pest mwaka 1241 kwa tuhuma za hiana. Wakipchak wengine walichukuliwa utumwani, na mmoja wao, Baybars, akawa Sultani wa Misri mwaka 1260, mwaka wa ushindi wa Ain Jalut dhidi ya Wamongolia. Na huko Misri ilimu ya farasi na uta iliandikwa vitabuni, baadhi yake kwa Kikipchak chenyewe. Mafundi hatuna majina yao. Ila wachonga mawe wa nyikani, waliposimamisha sanamu za watu wao zenye kikombe mikononi, waliwachongea baadhi ya wanaume uta na podo kiunoni, na sanamu hizo zingalipo Ukraine hata leo.

Katika mchezo, kondoo na kulungu huchinjwa kwa chakula peke yake, na kano zao hazina kazi. Natamani toleo lijalo liwe na karakana, ambamo kano hizo zitaanikwa, na mchezaji atakayetaka Kipchak wake alazimike kwanza kumngoja fundi.