La Boca, Mtaa Uliopakwa Rangi za Meli

Pongezi ziwafikie wakazi wa La Boca, mtaa wa bandari ya zamani jijini Buenos Aires, Argentina. Karne ya 19 wahamiaji, wengi kutoka Genoa, Italia, walijenga hapa nyumba za mbao na mabati kando ya mto Riachuelo, wakazipaka rangi iliyosalia kwenye meli: ukuta buluu, dirisha njano, mlango mwekundu. Mwaka 1905 vijana wao walianzisha klabu ya soka ya Boca Juniors. Mwaka 1959, kwa juhudi za mchoraji Benito Quinquela Martín, aliyetelekezwa akiwa mtoto mchanga na aliyewahi kubeba makaa bandarini, njia ya reli iliyoachwa ikawa Caminito, makumbusho ya wazi. Umaskini haukuwanyima jicho la uzuri. Hongereni sana, utunzeni urithi huo.