Mcheza Kwao Hutunzwa: Neno Juu ya Mashindano ya Watoto wa Shule

Siku hizi mashindano ya watoto yamekuwa mengi. Kampuni yatangaza shindano la kuchora, chama cha msaada chatangaza shindano la insha, shirika la mataifa latangaza shindano la barua. Tangazo humfikia mwalimu mkuu, naye hulisoma mbele ya watoto, na jioni ile ile wazazi huombwa fedha ya kalamu za rangi. Wazazi hufurahi, kwa maana ni nani asiyependa jina la mtoto wake litajwe kwa sifa?

Lakini tumezoea kuyahukumu mashindano hayo kwa kitu kimoja tu, nacho ni zawadi. Tukisikia baiskeli, twasema shindano ni kubwa. Tukisikia daftari na penseli, twasema ni dogo. Leo twataka kuyapima kwa kipimo kingine. Twaona kwamba shindano la watoto hupimwa kwa swali wanaloulizwa. Swali likiwa jema, hata asiyeshinda amepata kitu. Swali likiwa baya, hata mshindi amepunjwa.

Mema yake

Kwanza tuseme haki. Mashindano haya yana faida. Mtoto wa Ariwara, kama watoto wengi wa Kongo, hujifunza kwa kunakili. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto huandika daftarini, na siku ya mtihani hurudisha yale yale aliyopewa. Hatuwalaumu walimu. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure katika shule za serikali mwaka 2019, madarasa yalijaa. Katika darasa lililojaa, ni vigumu kumwuliza kila mtoto, "Na wewe waonaje?"

Basi shindano likija na karatasi nyeupe, na kumwambia mtoto aijaze kwa yaliyo yake, hilo ni jambo jema. Huenda ni mara ya kwanza mtu mzima kumwuliza neno asilolijua yeye mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yatupasa kumtazama mgeni huyu mikononi, tuone amebeba nini.

Maswali mawili juu ya maji

Tutoe mfano wa kweli. Mwaka 2013 mashindano mawili makubwa ya dunia yalichagua jambo moja, yaani maji.

La kwanza lilikuwa shindano la kuchora la Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi. Shindano hilo lilianza mwaka 1991, kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 wa nchi zote. Mwaka ule watoto waliulizwa: Maji hutoka wapi?

La pili ni shindano la barua la Umoja wa Posta Duniani, wenye makao yake Bern, Uswisi. Hilo limefanyika tangu mwaka 1971, kwa vijana wasiozidi miaka 15. Mwaka ule ule wa 2013 waliambiwa wamwandikie mtu barua ya kumweleza kwa nini maji ni kitu cha thamani.

Tazameni tofauti. Swali la pili limekwisha kujijibu. Maji ni ya thamani. Kazi ya mtoto ni kutafuta maneno mazuri ya kuunga mkono. Ataandika kwamba maji ni uhai, na mwenzake wa Brazili ataandika hivyo hivyo, na waamuzi watampa zawadi yule aliyesema kwa ufasaha zaidi neno walilolijua tangu mwanzo.

Swali la kwanza ni swali kweli. Maji hutoka wapi? Mtoto wa Tokyo atachora bomba, au mlima wenye theluji. Mtoto wa Ariwara atachora chemchemi, na dada yake akipanda kilima na bidoni kichwani. Tena, mtoto wa kwetu ana jibu ambalo wengine hawana. Mpaka wetu na Uganda, katika sehemu hii ya Aru, ulifuata mgongo wa nchi unaogawa maji ya mito miwili mikubwa. Mvua ikinyesha upande wa Arua, maji yake hushuka hadi Nili, na mwishoni hufika bahari ya Mediterania. Ikinyesha upande wetu, maji hushika njia ya Uele, yakaingia Ubangi, kisha mto Kongo, hata bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja, lakini matone yake mawili hayataonana tena. Mtoto akiyajua hayo, akayachora, amewafundisha waamuzi wa Nairobi jambo, na mwalimu wake pia.

Hatusemi kwamba Umoja wa Posta hauna maswali mema. Mwaka 2019 uliwaambia vijana waandike juu ya shujaa wao. Mwaka 2021 uliwaambia wamwandikie mtu wa jamaa juu ya yale waliyoyaona wakati wa ugonjwa wa Covid-19. Hayo ni maswali ambayo kila mtoto ana jibu lake, na hakuna mtu Bern awezaye kulijua kabla. Lakini mwaka 2025 waliambiwa wajifanye wao ndio bahari, wamwandikie mtu kumweleza kwa nini na jinsi gani aitunze. Mtoto wetu, ambaye hajaona bahari, atafanya nini? Atanakili. Atarudi kwenye ubao, akarudishe maneno aliyopewa. Shindano lililokuja kumfungua limemfunga tena kwa kamba ile ile.

Mfanyabiashara na gari la ndoto

Sasa tuitazame biashara. Tangu mwaka 2004 kampuni ya Toyota ya Japani imefanya shindano la kuchora kwa watoto wasiozidi miaka 15, na nchi nyingi zimeshiriki, za Afrika zikiwamo. Mtoto huambiwa achore gari la ndoto zake.

Twakiri kwamba watoto ni werevu kuliko matangazo. Mpe mtoto gari achore, naye aweza kulifanya hospitali yenye magurudumu, au kisima kinachotembea. Hata hivyo ndoto yake imepewa umbo kabla hajalala. Akitaka kuponya wagonjwa, sharti aponye kwa gari. Akitaka kumpunguzia mama yake mzigo wa kuni, sharti apunguze kwa gari. Na muuza magari hupata faida mara mbili: hupata sifa ya kupenda watoto, na jina lake huingia nyumbani kwa mkono wa mtoto, mlango ambao wazazi hawaufungi.

Lile shindano la UNEP nalo lilikuwa na washirika wenye mali: Nikon ya Japani, iuzayo kamera, na Bayer ya Ujerumani, iuzayo dawa za wagonjwa na dawa za kuua wadudu na magugu mashambani. Hatuwashtaki kwamba walimkataza mtoto yeyote kuchora alichotaka. Twauliza tu kama mzazi yeyote mwenye akili angeuliza: mtoto akichora shamba lililonyunyiziwa dawa, na samaki wanaoelea mtoni, je, picha yake itatundikwa ukutani karibu na jina la mwenye kuuza dawa? Huenda ndiyo. Lakini mtoto hujua kusoma uso wa mwenye zawadi kabla ya kusoma kitabu. Hujua nini kitapendwa.

Huruma inayoagiza machozi

Vyama vya msaada haviuzi gari wala dawa. Lakini navyo vina jaribu lao. Vyahitaji picha za kuwaonyesha wafadhili wa mbali, na picha ya huzuni hufungua mfuko upesi. Basi mtoto wa Ituri, jimbo lililoteswa na vita miaka mingi, huambiwa achore vita, au achore amani. Akichora bunduki, wageni hutikisa vichwa. Akichora njiwa, hupiga makofi. Akichora mbuzi wa nyanya yake, hapati neno.

Hata hivyo kuna mfano wa kazi iliyofanywa vyema. Mwaka 2007, katika kambi za wakimbizi wa Darfur nchini Chadi, mtafiti wa chama cha Waging Peace cha Uingereza aliwapa watoto karatasi na penseli. Aliwauliza mambo mawili: ndoto zao za siku zijazo, na kumbukumbu yao iliyo kubwa kuliko zote. Hakuahidi mshindi. Watoto wakachora vijiji vinavyoungua, wapanda farasi wenye silaha, na ndege zikitupa mabomu. Michoro ipatayo 500 ilikusanywa, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ikaipokea kama ushahidi wa kueleza hali ilivyokuwa.

Fikirini jambo hilo. Waamuzi wa mashindano hutazama kama rangi zimepangwa vizuri. Waamuzi wa mahakama hutazama kama lisemwalo ni kweli. Wale watoto hawakuambiwa wachore vita. Waliulizwa wanakumbuka nini. Swali lile liliacha nafasi hata kwa yule aliyetaka kukumbuka mbuzi.

Lugha, na karatasi zisizorudi

Yako mambo mengine mawili tusiyoweza kuyapita. La kwanza ni lugha. Ng'ambo ya mpaka, mtoto wa Arua aweza kuingia shindano la insha la Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa mwaka 1883, kwa kuwa Uganda ni mwanachama. Binamu yake wa Ariwara, asemaye Kilugbara kile kile, hawezi. Wala tusidhani kwamba yule wa Arua amebahatika kabisa, maana sharti aandike Kiingereza. Wa kwetu akipata shindano, mara nyingi huambiwa aandike Kifaransa. Nyumbani asema Kilugbara au Kikakwa, sokoni Kilingala, akienda Bunia Kiswahili. Katika lugha zote hizo ana mizaha, ana methali, ana hasira. Katika Kifaransa cha shule ana sentensi za kitabu. Basi insha hushindwa na mtoto wa mwenye kazi ya ofisi, aliyesikia Kifaransa tangu utotoni, nasi twasema ana kipaji.

La pili ni mwisho wa karatasi zenyewe. Mara nyingi masharti husema kwamba kazi zote zitakuwa mali ya wenye shindano, wala hazitarudishwa. Mtoto mmoja hupigwa picha akipokea zawadi. Wengine wote, waliokesha na taa, hawajui hata kama karatasi yao ilifunguliwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, wasema katika kifungu cha 13 kwamba mtoto ana haki ya kueleza mawazo yake, hata kwa njia ya sanaa. Kueleza maana yake ni kumwambia mtu. Karatasi iliyofungiwa sandukuni haikumwambia mtu neno.

Tufanye nini?

Hatuwashauri walimu wakatae mashindano ya wageni. Karatasi ni adimu, na kalamu za rangi ni ghali. Twawashauri wayasome masharti kabla ya kuyatangaza, na wamwulize mwenye shindano maneno manne. Swali lenu lina majibu mangapi? Mtoto aweza kuandika kwa lugha gani? Karatasi itarudi lini? Na asiyeshinda atapata nini?

Tena twawaambia wafanyabiashara wa Ariwara, ambao soko lao lavuta watu toka Uganda na Sudani Kusini: hamhitaji kungoja Japani wala Ujerumani. Shindano la shule moja halina gharama kubwa. Ulizeni: Kitu gani huvuka mpaka siku ya soko, na nani hukibeba? Ulizeni: Nani mzee kuliko wote katika mtaa wenu, naye alitoka wapi? Mpokee majibu kwa Kilugbara, kwa Kilingala, kwa Kiswahili, kwa kalamu au kwa mkaa. Zawadi iwe vitabu kwa darasa zima. Na kazi zote, nzuri na dhaifu, zitundikwe mahali wapitapo watu, wiki moja, kila moja na jina la mwenyewe, kisha mtoto arudi nayo nyumbani.

Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mwenye kucheza ngoma kwao hutunzwa kwa sababu watazamaji waijua ngoma ile. Waona palipo na ufundi, waona palipo na uongo, wacheka pa kucheka. Waamuzi wa mbali hawawezi kumpa mtoto wetu jambo hilo, hata wakimpa baiskeli. Sisi twaweza, tukikubali kusimama mbele ya karatasi yake na kuisoma hadi mwisho.